Kelele za Kirumba, Kura za Kwimba

Jumatatu ya Oktoba 26, 2015, siku moja baada ya Watanzania kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji mstaafu Damian Lubuva, alianza kusoma matokeo ya urais katika Ukumbi wa Mikutano wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Alisoma jimbo kwa jimbo, na kazi hiyo ilikwenda hadi tarehe 29. Mkazi wa Mwanza aliyetaka kujua mkoa wake umesema nini ilimbidi ashike kalamu, asubiri Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sumve, Sengerema, Buchosa na Ukerewe zitajwe, kila moja kwa wakati wake, kisha ajumlishe mwenyewe.

Usumbufu huo mdogo unaeleza mengi kuhusu namna rais wa Tanzania anavyopatikana. Mkoa una mkuu wake, una makao makuu na mipaka kwenye ramani, lakini siku ya kura ya urais hauna uzito wowote. Nchi nzima, kuanzia Ukerewe hadi Mtwara, ni sanduku moja.

Mmarekani angeshangaa. Kule kwao jimbo, ambalo kwa ukubwa na madaraka halifanani hata kidogo na jimbo la ubunge la hapa, ndilo linalomchagua rais kupitia wajumbe wake maalumu. Mwaka 2000 George W. Bush alimzidi Al Gore katika jimbo la Florida kwa kura 537 kati ya takriban milioni 6, akazoa wajumbe wote 25 na kuingia Ikulu. Maine na Nebraska pekee ndiyo hugawa wajumbe wake. Kwingineko mshindi huondoka na sinia zima. Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima na bado akabaki nyumbani.

Kenya nayo imeipa kaunti kazi. Katiba ya mwaka 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Tanzania haina sharti la aina hiyo. Tangu marekebisho ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, hata ile nusu haitakiwi tena: anayepata kura nyingi kuliko mwenzake ndiye rais.

Kwa mpangilio huo, mchambuzi anayeuliza "Mwanza ilimpigia nani?" amekamata swali kwa mkia. Mgombea urais hashindi Mwanza wala hashindwi Mwanza. Anachovuna pale ni pengo: wangapi walijitokeza, na kati yao alimzidi mpinzani wake kwa kura ngapi. Pengo hilo linaingia kwenye kapu la taifa likiwa zima.

Robo ya mjini

Sifa ya kisiasa ya Mwanza imejengwa mjini. Viwanja vya Furahisha vikifurika, picha zinafika Dar es Salaam kabla ya jua kuzama. Wamachinga wa Makoroboi, vijana wa bodaboda wa Igoma na Buhongwa, wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, hao ndio wanaosikika. Anayetua Mwanza kwa ndege, akalala hotelini Capri Point na kuzungumza na dereva wa teksi, anaondoka akidhani ameusikia mkoa.

Sensa ya mwaka 2012, iliyotangulia uchaguzi wa 2015, inasema vingine. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509. Nyamagana ilikuwa na 363,452 na Ilemela 343,001, yaani mjini kote watu 706,453. Hiyo ni robo ya mkoa na chembe kidogo. Sengerema peke yake, ikiwa bado na Buchosa ndani yake, ilikuwa na watu 663,034, karibu sawa na jiji zima. Kwimba, wilaya ya pamba na ng'ombe ambayo wapiga picha wa magazeti huifikia kwa nadra, ilikuwa na 406,509, wengi kuliko Nyamagana. Ongeza Misungwi yenye 351,607, Ukerewe yenye 345,147 na Magu yenye 299,759, na robo tatu ya mkoa inakuwa nje ya kelele za jiji.

Ukivuta picha nyuma zaidi, Mwanza ni mlango wa nyumba kubwa. Mikoa sita inayoitwa Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, ilikuwa na watu milioni 11.8 katika sensa hiyo, kati ya Watanzania milioni 44.9. Ni zaidi ya robo ya nchi. Chama kikipata pengo nene katika kanda hii, kinaweza kupoteza miji kadhaa kwingineko na hesabu yake isitikisike.

Siku jiji lilipogeuka

Oktoba 31, 2010, jiji lilifanya jambo ambalo bado linasimuliwa vijiweni. Nyamagana ilimwangusha Lawrence Masha wa chama tawala, CCM, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, ikamchukua Ezekia Wenje wa Chadema, chama cha upinzani. Jirani yake, Ilemela, ilimwangusha Anthony Diallo, aliyewahi kuwa waziri, ikamchagua Highness Kiwia wa chama hichohicho. Ng'ambo ya maji, kiti cha Ukerewe ambacho Getrude Mongella alikikalia kwa miaka kumi kilikwenda kwa Salvatory Machemli, naye wa Chadema. Upepo ulikwenda mbali kuliko hapo: Musoma Mjini ilimpata Vincent Nyerere, na Maswa ikawapeleka bungeni Wana-Chadema wawili, John Shibuda na Sylvester Kasulumbayi.

Wengi waliisoma habari hiyo kama kuhama kwa Kanda ya Ziwa. Takwimu za urais za nchi nzima zinaeleza kisa kingine, na si kizuri kwa upande wowote. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete wa CCM alipata kura 9,123,952. Mwaka 2010 alipata 5,276,827. Kura milioni 3.8 zilikuwa zimeyeyuka. Je, zilikwenda upinzani? Mwaka 2005 Ibrahim Lipumba wa CUF na Freeman Mbowe wa Chadema walipata pamoja kura 1,995,881. Mwaka 2010 Lipumba na Willibrod Slaa wa Chadema walipata pamoja 2,967,608. Upinzani uliongeza chini ya milioni moja. Hata kama kila kura hiyo mpya ilitoka kwa Kikwete, bado kuna karibu milioni tatu ambazo hazikwenda kwa wapinzani hao wawili. Mahali pekee zinapoweza kuwa kwa wingi huo ni majumbani. Waliopiga kura mwaka 2010 walikuwa 8,626,283, asilimia 42.8 ya waliojiandikisha.

Ukishaliona hilo, ushindi wa Wenje unasomeka upya. Alichukua Nyamagana kwa takriban kura 38,000, katika wilaya iliyohesabiwa kuwa na watu 363,000 miaka miwili baadaye. Kiwia alichukua Ilemela kwa takriban 31,000. Chadema mwaka ule iliwatoa watu wake nyumbani, na wale wa CCM wakakaa barazani. Ubunge unatuza bidii ya namna hiyo: jimbo ni duara dogo lenye mshindi mmoja, na anayeamka mapema analichukua lote. Katika hesabu ya urais, jiji lililogeuka kwa kura makumi ya maelfu ni kijiko cha chumvi ndani ya ziwa.

Kuongeza kura mara mbili na kushindwa

Miaka mitano baadaye ukumbi ulikuwa umepangwa upya, na mambo matatu yalibadilika kwa pamoja.

La kwanza ni daftari. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la zamani lilikuwa limejaa marehemu na waliohama. Mwaka 2015 Tume iliandikisha watu upya kwa mashine za alama za vidole, zilizozoeleka kwa jina la BVR, na kupata wapiga kura 23,161,440. Kwa hiyo anayelinganisha asilimia ya waliojitokeza mwaka 2010 na ya 2015, ambayo ilikuwa 67.3, analinganisha debe lenye tundu na debe jipya. Idadi ya watu waliofika kituoni ndiyo inayoaminika zaidi, nayo ilipanda hadi 15,589,639. Ni nyongeza ya karibu milioni saba.

La pili ni upinzani wenyewe. Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD zilisimama chini ya mwavuli wa Ukawa na mgombea mmoja, Edward Lowassa, aliyetoka CCM na kupokewa Chadema mwishoni mwa Julai baada ya jina lake kukatwa Dodoma katika mchujo wa CCM wa wagombea urais. Slaa, ambaye vijana wa Mwanza walikuwa wamemkeshea mwaka 2010, alijiondoa katika siasa kwa kuudhika na ujio huo. Wengine waliingia kwa mlango uleule aliopita Lowassa. Masha, aliyeangushwa na Chadema pale Nyamagana, alijiunga na Chadema Agosti 2015.

La tatu ni mtu wa ziwani. John Magufuli alizaliwa Chato, ufukweni mwa Ziwa Victoria hilihili. Alisoma Sekondari ya Lake, Mwanza, akafundisha Sekondari ya Sengerema, na kabla ya kuingia bungeni mwaka 1995 alikuwa mkemia wa Chama cha Ushirika Nyanza, kile kile kilichonunua pamba ya baba na babu wa wapiga kura wa Kwimba na Magu. Majukwaani alichanganya Kiswahili na Kisukuma, na watu wakacheka utani ambao mgeni angehitaji kutafsiriwa. Miaka ishirini aliyokaa kwenye wizara, hasa ya ujenzi, ilimpa kilometa za lami za kunyooshea kidole.

Magufuli alipata kura 8,882,935, asilimia 58.46. Lowassa alipata 6,072,848, asilimia 39.97. Vichwa vya habari viliandika kwamba CCM imepata asilimia ndogo kuliko wakati wowote tangu vyama vingi virudi, na ni kweli: mgombea wake Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8 mwaka 1995, Kikwete 62.8 mwaka 2010. Lakini tazama pengo. Mwaka 2010 Kikwete aliwazidi Slaa na Lipumba kwa pamoja kwa kura 2,309,219. Mwaka 2015 Magufuli alimzidi Lowassa kwa kura 2,810,087. Asilimia ilishuka, pengo likakua kwa nusu milioni, kwa sababu uwanja mzima ulikuwa umejaa. Upinzani uliongeza kura zake zaidi ya mara mbili na ukaachwa mbali zaidi kuliko mwanzo.

Nyamagana ni picha hiyohiyo iliyopunguzwa ukubwa. Wenje, aliyeshinda kwa kura 38,000 hivi, safari hii alipata karibu 80,000. Kwa kipimo chochote cha kampeni, alikuwa amefanya kazi. Stanslaus Mabula wa CCM alipata zaidi ya 81,000, akachukua kiti kwa tofauti isiyofika kura 2,000. Ilemela, Kiwia alivuka 60,000, karibu mara mbili ya alichoshindia mwaka 2010, na Angelina Mabula wa CCM akampita kwa zaidi ya kura 20,000. Wabunge wote wawili walilala wakiwa na wafuasi wengi kuliko walivyowahi kuwa nao, na waliamka hawana viti. Hawakukimbiwa na watu wao. Wale waliokaa barazani mwaka 2010 walikuwa wameinuka.

Katika kuinuka huko kuna jambo moja la ziwani ambalo wachambuzi wa Dar es Salaam hawalitaji. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, makambi hupumzika na mitumbwi hukaa mchangani. Jumapili ya Oktoba 25, 2015 ilikuwa siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Hakuna anayeweza kuthibitisha ni kura ngapi zilitokana na mwezi, na mvuvi aliyejiandikisha mwalo mmoja akahamia mwingine hawezi kupiga kura alikohamia hata akiwa na siku nzima ya bure. Ila aliyekuwa karibu na kituo chake hakuwa na nyavu za kumchelewesha.

Karatasi tatu, njia mbili

Kituo cha kura mara nyingi ni chumba cha darasa. Kinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Mpiga kura anapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na kila moja ina sanduku lake. Hadi hapo chaguzi tatu zinatembea bega kwa bega. Zinaachana jioni.

Kura zinahesabiwa palepale, mbele ya mawakala wa vyama. Mwaka 2015 ya rais iliandikwa kwenye fomu 21A, ya mbunge 21B, ya diwani 21C. Mawakala wanasaini, wanachukua nakala, na matokeo yanabandikwa nje ya kituo. Kura za ubunge zinajumlishwa jimboni na msimamizi wa uchaguzi, ambaye mwaka 2015 kwa kawaida alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, naye ndiye anayemtangaza mshindi hapohapo. Asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu. Kura za urais zinajumlishwa jimboni pia, kisha zinatumwa Tume, na Tume pekee ndiyo yenye kinywa. Ibara ya 41(7) ya Katiba inaifungia mahakama yoyote kuchunguza ushindi huo baada ya Tume kutangaza. Mlango ambao Wakenya waliupita Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, Tanzania haupo.

Ndiyo maana ugomvi mkubwa wa 2015 ulikuwa juu ya ile karatasi ya ukutani. Upinzani uliwahimiza wafuasi wake "kulinda kura" wakiwa umbali wa mita 200 kutoka kituoni. Serikali na Tume zikasema mtu akipiga kura aende nyumbani. Oktoba 23, siku mbili kabla ya kupiga kura, Mahakama Kuu iliamua kwamba mikusanyiko hiyo hairuhusiwi hata nje ya mita hizo. Dar es Salaam, vijana wa Chadema waliokuwa wakikusanya na kujumlisha matokeo ya vituo walikamatwa. Lowassa alikataa matokeo. Hakuwa na mahakama ya kuyapeleka.

Kwa mtu wa Mwanza, njia hizi mbili zinazaa hisia mbili. Kura ya ubunge anaiona ikimrudia: umati unasubiri nje ya ofisi ya halmashauri, jina linasomwa, mtaa unalipuka au unanyamaza. Kura ya urais, mwaka 2015, ilipanda kwenda Dar es Salaam na kurudi siku kadhaa baadaye kwenye redio, ikiwa mstari mmoja kati ya majimbo 264.

Kutenganisha kura hizo mbili ni mazoea ya zamani kando ya ziwa. Septemba 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, wapiga kura walimjibu Mwalimu Nyerere kwa NDIYO au HAPANA, na zaidi ya asilimia 95 nchini wakasema NDIYO. Kwenye ubunge waliletewa wagombea wawili wa chama hicho, TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Mwanza ilimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa kanda hii katika ushirika uliokuja kuwa mkubwa barani Afrika. Nyerere alimrudisha bungeni kwa uteuzi na kumpa wizara. Masha, miaka 45 baadaye, hakuwa waziri wa kwanza kuonja mkono wa mji huu.

Na katika mwaka uleule wa 2015, wakati majimbo manane ya mkoa yalipompa mgombea wa ziwa wabunge wa chama chake, visiwa vya Ukerewe vilimchagua Joseph Mkundi wa Chadema. Mwaka 2018 Mkundi alihamia CCM, na uchaguzi wa 2020, ambao upinzani uliukataa, uliacha majimbo yote tisa mikononi mwa chama kimoja. Lakini usiku ule wa Oktoba, mjini Nansio, Ukerewe, watu walikuwa wakishangilia mbunge wa upinzani huku kura zao za urais, zilizotoka kwenye madarasa yaleyale, zikisubiri zamu yake ya kusomwa na Jaji Lubuva. Oktoba 29, Magufuli alipotangazwa mshindi, alikuwa anatimiza miaka 56. Nyamagana ilikuwa imeshamjua mbunge wake, na katika shule za msingi za Kwimba walimu walikuwa wamerudisha madawati, fomu 21A zikiwa bado zimebandikwa kwenye milango.